Siku Niliyozima Eisi za Mama

Mpaka leo nikiingia duka la mkate lililo karibu na kwetu, Al-Khuwair, Maskati, muuzaji ananiuliza, "Mama yu hai?" na watu waliosimama nyuma yangu wanacheka, nami nachukua mkate wangu natoka. Aibu ile ni yangu peke yangu. Sikusingiziwa wala sikutegwa na mtu. Niliitengeneza kwa mikono yangu, tena kwa mpangilio mzuri, maana mimi ni mtu wa mpangilio (kazini nahariri jarida la kampuni, na kila siku nawaambia vijana kwamba habari haiandikwi mpaka uulize). Basi sikilizeni nilivyouliza kila kitu isipokuwa kimoja.

Nakaa na Mama. Nyumba ni yake, waliijenga na marehemu Baba baada ya kuhama Unguja. Ni nyumba ya zamani, kuta zake zinafyonza jua tangu asubuhi, na joto likianza eisi za kupoza vyumba hazizimwi mchana wala usiku kwa sababu Mama ana presha na daktari amemkataza kukaa kwenye joto. Sasa bili ya umeme ya kiangazi ilipokuja, kaka yangu mkubwa Nassor, anayekaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, aliitazama akavua miwani.

"Khalas, basi," akasema. "Nyumba ya watu wawili haiwezi kula umeme namna hii. Mama atahamia kwangu, hii tuikodishe."

Nassor alipoondoka, Mama akaniambia jikoni huku akikunja sambusa, "Kwa Nassor nitapewa chumba kizuri, nitakaa kitandani kama mgeni, ningoje kuitwa kula. Mimi staki. Nnataka kufa nyumbani kwangu."

Nikasema haiwezekani, Mama hahami. Serikali ina msaada wa bili za umeme kwa ajili ya joto, nikamwombea kwa simu, na Nassor akakubali kwa shingo upande: ukipatikana msaada Mama abaki, usipopatikana ahame. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lote.

Siku chache baadaye akanipigia mwanamke wa ofisi ya msaada ule, akasema kwa Kiarabu kwamba kesho asubuhi atakuja kuitazama nyumba. Nikamuuliza jina lake, nikamuuliza atafika saa ngapi, atakuja na gari gani, nikamwelekeza hata pa kuegesha penye kivuli. Sikumuuliza anakuja kutazama nini.

Badala yake nikampigia binamu yangu Raya, Uingereza. (Ukoo wetu ndivyo ulivyo: wa Maskati akikwama anauliza Uingereza, wa Uingereza akikwama anauliza Unguja, na wa Unguja anatuomba sisi tumtumie simu mpya.) Raya anakaa kijijini, bomba la gesi halijafika kwao, nyumba anaipasha moto kwa mafuta yanayoletwa na lori, na serikali ya huko ina msaada wake kwa watu wa nyumba kama hizo. Naye alikaguliwa.

"Sikiliza, kaka'ngu," akaniambia. "Mimi siku ya mkaguzi nilizima hita tangu alfajiri. Akaingia, akaiona pumzi yake mwenyewe inatoka moshi, hata koti hakuvua, akapitisha. Wewe ukimkaribisha mtu kwenye raha atakwambia raha unayo, msaada wa nini?"

Niliona akili hiyo. Wao wanasaidiwa kupasha moto, sisi kupoza. Nikageuza tu upande.

Asubuhi yake dada yangu Zuwena akaja kumchukua Mama ampeleke kwake Qurum, kwenye ubaridi, mpaka mkaguzi aondoke. "Mbona nnafukuzwa kwangu?" Mama akauliza. "Unakwenda kupumzika tu, Mama," nikamjibu, nikamfunga mkanda wa gari mwenyewe. Akaondoka, akaisahau simu yake chumbani kwenye chaja (na hilo mliweke akilini).

Nikaingia kazini. Nilianza kuzima eisi mojamoja, kisha nikawaza, je, akitazama mita akaiona inakimbia? Nikaenda ukumbini nikashusha swichi kubwa, nyumba nzima ikazimika kimya. Nikafungua madirisha joto liingie vizuri. Vumbi likaingia nalo, nikachelea makochi ya Mama, nikayafunika kwa mashuka meupe. Zulia la sebuleni nikalikunja nikalisimamisha ukutani, nyumba isionekane ya kifahari. Nikavaa kanzu kuukuu ya kulalia, nikaketi na upepeo wa ukili, natoka jasho mpaka kwenye nyusi, nikajiona nimepanga mambo. Ya friza sikuyakumbuka hata kidogo, na ndani yake mlikuwa na nguru mzima aliyekatwa vipande na sambusa za Mama za mwezi mzima.

Mkaguzi akachelewa saa kadhaa, akafika na gari ya serikali, akaegesha penye kivuli pale nilipomwelekeza. Binti kijana, abaya nyeusi, tableti mkononi. Nikamtazama kwa jicho langu la mhariri, nikasikiliza lahaja yake ya Kiarabu, nikahukumu papo hapo: huyu ni mtu wa ndani, wa kule milimani, Zanzibar haijui hata kwa ramani.

Akasimama katikati ya sebule. Akayatazama mashuka, akalitazama zulia ukutani, akabonyeza swichi ya taa, haikuwaka. Akaandika.

"Nani anakaa hapa?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Kwa dada yangu, Qurum. Joto limemshinda, masikini, hawezi tena kukaa humu." (Hapo nikatia huzuni kidogo kwenye sauti.)

Akaandika. "Na wewe unalala hapa?"

"Kulala!" nikamwambia, nikipunga upepeo. "Ukhti, mtu atalalaje humu?"

Akaandika tena, akapiga picha makochi yangu yaliyovalia sanda, mimi nikaona kazi inakwenda kama nilivyotaka. Simu ya Mama ikaanza kulia chumbani. Nikaenda nikainyamazisha. Ikalia tena, nikainyamazisha. Ikalia mara nyingine, nikaizima kabisa, kwa sababu nilikuwa nimepania kimya, na kimya ndicho kilichokuwa kinanitangazia msiba.

Jirani yetu wa mbele, Bi Shemsa, ndiye aliyekuwa akipiga. Alitoka kumwagia maji miti yake akaona mambo yasiyoeleweka: mashine za eisi za kwetu, ambazo kwa miaka zinavuma ukutani kama lori, kimya, katika joto la Julai. Madirisha wazi. Gari ya serikali mlangoni. Maji yanapita chini ya mlango wa jikoni yanakwenda barabarani. Akapiga simu ya Mama, ikakatwa, akapiga tena, ikakatwa, mara ya mwisho ikazimwa. Sasa mwanamke mwenye akili zake afikiri nini? Akalia kwenye simu, akapeleka sauti yake kwenye kundi la kina mama wa mtaa: "Jamani, nyumba ya Bi Salma imezimwa yote, simu yake imezimwa, na watu wa serikali wamo ndani. Inna lillahi."

Mimi sijui lolote. Nimo ndani, simu yangu nayo ikalia, ni Zuwena. Nikaipokea mbele ya mkaguzi na kusema kwa Kiswahili, kwa raha zangu: "Usimlete Mama bado! Huyu hajaondoka. Nshazima kila kitu, nshamwambia kwamba Mama joto limemshinda, kila nnalosema anaandika. Usijali, ni mtu wa ndani huko, hajui neno."

Zuwena akanijibu kwamba Mama hakukubali kukaa, tayari wamo njiani. Nikakata simu. Mkaguzi akaishusha tableti.

"Wa ndani ni babangu," akaniambia, kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka kuliko changu. "Mamangu kazaliwa Wete, na mimi kanilea bibi. Sasa nambie, kaka, umezima nini?"

Niliomba ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Al-Khuwair ni ngumu. Nikamweleza yote. Raya, Uingereza, hita, mashuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, tone la jasho linamshuka puani, kisha akasema kwa utulivu ulioniuma kuliko matusi:

"Mimi sikuja kutazama joto, kaka. Joto nnalijua, naja nalo kutoka nje. Kuna watu wanaombea msaada nyumba tupu, kwa hiyo nimekuja kutazama kama humu mna mtu anakaa. Na wewe umenambia mamako kahama, humu halali mtu, taa haziwaki na makochi yamefunikwa. Nimeandika nyumba haikaliwi."

"Futa basi, dada'ngu."

"Nshatuma."

Ndipo tukasikia kilio. Nikakimbilia dirishani. Barabara yetu, ambayo saa zile haipiti hata paka, imejaa magari, wanawake wanateremka na abaya zao, na Bi Shemsa yuko mbele ameshika kichwa. Mzee mmoja akanivamia mlangoni, akanikumbatia, akanambia nimuombee dua na nisikufuru. Alivyoniona nimelowa uso, kanzu ya kulalia imenigandama, akadhani nimelia mpaka nimeishiwa. Nikasema, "Hapana, ami, hakuna kitu," naye akaniambia, "Ndiyo, mwanangu, mwanzo ndivyo mtu anavyosema."

Nassor naye habari ikamfikia, akaja kilemba kimekaa upande, analia. Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu analia. Nikamwambia, "Mama yuko njiani anakuja," akanitazama kama nimepata wazimu. Mtu nyuma akauliza makaburi gani. Mwingine anataka kujua kama maji ya kuoshea yapo, maana anaona bomba limepasuka jikoni. Nikapaza sauti niwaeleze kwamba yale ni maji ya friza, na kadiri nilivyoeleza habari ya friza ndivyo walivyozidi kunishika mabega.

Basi katikati ya hayo gari ya Zuwena ikasimama. Mama akateremka na mkoba wake, akapita katikati ya watu, wanampisha huku wamekodoa macho.

"Kuna nini kwangu?" akauliza. "Nani kafa?"

Bi Shemsa ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza, akamrukia, anamshika mashavu. "Wewe, Salma! Wewe!"

"Mimi? Mbona sina habari?"

Wengine wakaanza kucheka, wengine bado wanalia, Nassor kaketi kwenye ngazi kajifunika uso kwa kilemba. Mama akaingia ndani. Akayaona mashuka. Akanyanyua mguu, kiatu kimelowa, akayafuata yale maji mpaka jikoni, na sote tukasikia friza inafunguliwa. Harufu ya nguru ikatoka kutusalimia mpaka barazani.

"Sambusa zangu!" Mama akapiga kelele, na nawaambieni kweli, kwa kifo chake hakupiga kelele namna ile.

Ilibidi nieleze tena, safari hii mbele ya mtaa mzima, mkaguzi kasimama pembeni kama shahidi. Nilipofika pale pa "nyumba haikaliwi," Nassor akainuka, akafuta macho, na hasira zikamrudi.

"Si nilisema? Msaada umeshapotea. Mama, chukua nguo zako twende kwangu, humu hamkaliki."

Mama akamgeukia mkaguzi. "Mwanangu, ulichoandika ndicho ulichokikuta, sikulaumu. Utarudi?"

"Wakiomba upya nitarudi, bibi. Siku sitoweza kukwambia."

"Usinambie. Njoo unapotaka, utanikuta." Kisha kwa Nassor: "Serikali imeandika kama mimi sikai hapa, na wewe unataka nitoke nikawahakikishie? Stoki. Hata kwa harusi stoki."

Na hakutoka. Binti wa Zuwena alifungishwa ndoa, Mama akaitazama kwenye simu. Aliweka kiti chake nyuma ya mlango wa mbele, akauacha mlango wazi na eisi zote zinapiga, ili mkaguzi akija, alisema, aipate baridi tangu barabarani. Nilijaribu kumwambia kwamba hiyo bili itakuja kutuua, akaniuliza kama nina ushauri mwingine kutoka Uingereza.

Tuliomba upya, na mkaguzi yule akarudi wiki ya tatu. Mimi niliamriwa nikae jikoni, lakini mlango sikuufunga vizuri.

"Mnakaa wangapi, bibi?"

"Mimi. Na huyo wa jikoni muandike mgeni."

Msaada ukapita. Nassor hajazungumza tena habari ya kukodisha, ingawa bili ya mwezi ule wa mlango wazi ameniletea mimi, na nimeilipa bila kufungua mdomo. Raya alinipigia kuuliza kama ushauri wake ulifaa. Nikamwambia ulifaa sana, Mama kafa na kafufuka siku moja.

Juzi kazini mtu wa zimamoto alipiga simu, akasema kesho atakuja kuitazama ofisi yetu. Vijana wakakimbilia kupanga viti. Nikawaambia wakae chini wasiguse kitu, nikashika simu kwa mikono miwili, nikamuuliza: "Samahani, ndugu yangu. Unakuja kutazama nini?"