Anatengeneza utando ili wifi yake aweze kufunga mlango

Saa mbili asubuhi, Mama Mapovu amebana pumzi. Anamimina kimiminika kizito juu ya kioo, anakivuta taratibu kwa wembe mpana hadi kisambae sawasawa, kisha anainama kusaka mapovu. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara.

"Povu moja tu, kazi imeharibika," anasema.

Kioo kikitoka kwenye oveni kinabaki na utando mwembamba wa polima, jamii ya plastiki, uliochanganywa na unga laini wa udongo. Utando huo hukaa katikati ya seli, kifaa kidogo kinachozalisha umeme kutokana na methanoli, aina ya spiriti, bila ngurumo wala moshi wa jenereta. Methanoli ikipenya upande wa pili, umeme unafifia. Udongo umo humo ili kuizuia.

Kazi hii ameishika kwa uchungu. Mdogo wake alikuwa kinyozi. Siku moja ya mvua umeme ulikatika, akaiingiza jenereta ndani ya saluni isilowe, akafunga mlango. Moshi ulimmaliza kimyakimya.

Aliporudi kazini baada ya mazishi, Mama Mapovu alisahau kuloweka kioo ili utando ujiachie wenyewe. Akaubandua kwa kucha, ukachanika. Mkuu wa maabara hakumkaripia, alimvutia kiti tu.

Leo saluni inaendeshwa na mjane wa marehemu. Jenereta iko nje, na mlango haufungwi hata mvua ya upepo ikiingia ndani. Wateja humtania: "Shemeji, kwako kunyolewa na kuoga ni bei moja?" Hucheka nao, lakini mlango haugusi.

Utando mpya unafungwa kwenye seli, na feni ndogo inaanza kuzunguka. Tando za awali zilikuwa zikivuja kabla ya chakula cha mchana. Jioni, watu wakivua makoti, feni bado inazunguka. Machozi yanamlengalenga Mama Mapovu.

"Feni si mashine ya kunyolea," anasema. "Bado tuna safari ndefu."

Anakusudia kuunganisha seli kadhaa, na za kwanza kabisa azipeleke saluni. Jioni hiyo anapita kumweleza wifi yake, ambaye hajui polima ni kitu gani.

"We lete tu, wifi," mjane anamjibu huku akifagia nywele. "Na siku ukipita hapa mvua inanyesha, ukakuta nimefunga mlango, usishtuke. Gonga, nitakufungulia."