Dumu la Baba

Baba alizikwa wakati wa kuvuna mpunga. Matanga yalipokwisha, wavuvi wa ufuko wetu, huku upande wa Ngonga, walitukumbusha kawaida yao. Mtumbwi wa marehemu unabaki nyumbani kwake iwapo mtoto wake ataurudisha kutoka ziwani peke yake, kwa tanga, na kuufunga kwenye dumu la baba yake linaloelea karibu na ufuko. Hapewi kasia. Watu wa ufukoni hawamwiti wala hawamsaidii. Akishindwa, mtumbwi unakwenda kwa ndugu wa marehemu.

Niliuliza ni nani aliyeamua hivyo. Kamba inamjuaje mrithi?

“Hayo kayaulize maji,” alisema baba mdogo. “Au huko chuo hamkufika kwenye upepo?”

Watu walicheka. Mama hakucheka. Mtumbwi ule ndio uliokuwa ukimlisha, na baba mdogo alishasema akiupata atauhamishia bandarini Itungi. Kwa hiyo nilikwenda, bila kuamini.

Dumu lenyewe lilikuwa la mafuta ya kula, la njano, limefungwa kwa kamba ndefu kwenye gunia la mawe lililozama. Upepo wa kusini ulikuwa ukisukuma kila kitu kuelekea mchangani. Mara ya kwanza nililiendea moja kwa moja kutoka ziwani, nikalinasa kwa mti wenye kulabu. Mtumbwi haukusimama. Mti ulinichomoka mikononi, ukaachwa nyuma ukielea.

Nilirudi ziwani kwa mshazari, nikajaribu tena. Safari hii nilishusha tanga mapema mno, mawimbi yakanipitisha ubavuni mwa dumu huku mkono wangu ukishika hewa. Nilipandisha tanga karibu kabisa na mahali mawimbi yanapovunjika. Nilitamani hata mtu wa ufukoni anizomee.

Baba alikuwa na tabia ya kupita kati ya dumu na mchanga, karibu sana, hadi wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wanasogea wakimsonya, ndipo anageuza omo, pua ya mtumbwi, kuelekea ziwani. Miaka yote niliona ni maringo. Sasa nilielewa kwamba alikuwa akiutumia upepo kama breki.

Nikapita kati. Nikasikia mtu akivuta pumzi. Niligeuza, tanga likapigapiga bure, mtumbwi ukapunguza mwendo, ukafia pembeni mwa dumu. Nililala kifudifudi nikaishika kamba. Ilikuwa inateleza kwa ute wa majani ya maji. Nilifunga, nikafunga tena.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama alifunga khanga vizuri, akasema “ndaga”, asante ya kwetu, kwa sauti ndogo, kana kwamba nimempokea mzigo, akaenda nyumbani kuinjika chungu.

Bado siamini kwamba kamba inamjua mtu. Lakini baba mdogo aliingia majini hadi kiunoni, akashika ukingo wa mtumbwi, akaniuliza kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha:

“Kesho tunatoka kuvua saa ngapi?”

Begi langu la safari ya Dar es Salaam lilikuwa tayari limefungwa. Alisubiri, mawimbi yakimpiga kifuani, nami nikalikagua tena fundo la kamba.