Bugi la Wenye Tai

Asubuhi ile shangazi alinituma chumvi pale sokoni Mwanjelwa, nikaishia Iringa. Sikuwa na mpango. Kando ya barabara kuu lilisimama lori la viazi, dereva anahangaika na turubai peke yake kwa sababu utingo wake ameugua. Nikamshikia kamba upande wa pili. Tulipomaliza niliona ni hasara kubwa kuliacha lori lililofungwa vizuri namna ile liende bila mimi. Chumvi nilimpa jirani aipeleke.

Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na tangu hapo elimu yangu yote nimeipata kwa kuchungulia.

"Una mtu Iringa?" dereva aliniuliza tulipoipita Makambako.

"Sina."

"Utalala wapi, bwana mdogo? Baridi ya kule haisubiri ujifunike."

Alinionea huruma. Shemeji yake alikuwa anapiga gitaa la besi kwenye klabu moja mjini, na alikuwa na chumba Kihesa. "Mwambie nimekutuma. Lakini muwahi kwenye bugi. Likiisha jioni, bendi inapanda gari kwenda Mafinga, na ufunguo anao mfukoni."

Bugi ni dansi la mchana, nilidhani ni la kila mwenye miguu. Kumbe Iringa walikuwa na bugi la watu maalumu. Wazungu walipoondoka waliacha jengo la klabu, meza ya biliadi na kibao cha masharti. Jengo lilikuwa limebanduka rangi, biliadi haina hata mpira mmoja, lakini kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya: Wanachama na wageni wao tu. Tai ni lazima.

"Ndugu, unakwenda wapi?" bawabu aliniuliza.

Miaka ile sote tulikuwa ndugu. Mkuu wa idara ndugu, mchuuzi wa karanga ndugu. Pale mlangoni niligundua kuwa undugu nao una wa ndani na wa nje.

"Namtafuta mpiga besi. Nimsalimie tu."

"Mgeni wa mwanamuziki anaruhusiwa. Msalimie ukiwa na tai."

Akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara. Kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi alikaa fundi cherehani, na nyuma yake tai za kukodisha zilining'inia kwenye msumari, zote zimeshafungwa fundo. Kazi ya mteja ilikuwa kuingiza kichwa, kama mbuzi, na kuvuta.

"Usiifungue," fundi alisema akinikabidhi moja ya kijani.

"Nani alizifunga?"

"Karani mmoja wa Kigoa, kabla hajahama."

Nikarudi nikasimama kwenye foleni. Sasa mtu kama mimi ukimwambia asifungue kitu, umemwomba afungue. Nilitaka kujua lile fundo lina nini ndani hata litenganishe watu. Nikalilegeza kidogo, kisha kidogo tena. Ndani hamkuwa na kitu. Nikabaki na kitambaa kirefu mkononi.

"Kaka, huo utambi wa jiko gani?" alicheka dada mmoja mbele yangu, mwenye wigi na viatu vya raizoni vilivyompandisha karibu na paa. Akamgeukia bwana aliyefuatana naye. "Hebu msaidie mwenzio."

Yule bwana aliishika tai yangu kama mtu aliyepewa nyoka. "Mimi huwa nafunga mbele ya kioo," alisema, akairudisha haraka.

Wa nyuma yake alikuwa ameumia kidole. Mwingine alikuwa hana miwani. Nilitazama shingo za foleni nzima, nikayaona mafundo ya Mgoa yule yule.

Ukutani besi ilikuwa inagonga. Hicho ndicho kilikuwa kitanda changu, na jua lilikuwa limeshashuka.

Mwenyekiti wa kamati akatokea ndani, tumbo likitangulia. "Kuna nini hapa?"

"Huyu tai imemshinda, mzee," bawabu alisema.

"Vijana wa siku hizi! Kitu kidogo hiki. Tazama yangu."

Akaifungua yake ili anifundishe. Akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia, akapitisha ncha chini. Likatoka fundo la kufungia ndama. Akalifungua, likatoka la mzigo wa kuni.

"Mzee," bawabu alisema kwa adabu zote, "samahani, bila tai..."

"Wewe! Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Kibao ndicho hakikujui."

Mwenyekiti alikitazama kibao, akatutazama, kisha akakohoa na kutuhutubia. Tai, alisema, ni mabaki ya ukoloni. Ni kamba aliyotuachia mkoloni shingoni. Kuanzia leo, klabu hii inaikataa! Tulipiga makofi sana. Foleni nzima ikavua ukoloni, kila mtu akiupitisha kichwani polepole, fundo lisije likafunguka.

Niliingia nikikimbia. Mpiga besi alikuwa anakunja waya. Nikamwambia dereva wa lori la viazi ndiye aliyenituma.

"Shemeji kakutuma?" Alinitazama juu hadi chini. "Yule aliyeondoka na redio yangu?"

"Hakuitaja redio."

"Hawezi kuitaja." Akatoa ufunguo. "Mlango unabana, usukume kwa bega. Kitanda changu, mkeka wako. Na mwenye nyumba umsalimie kwa Kihehe kabla hajakuuliza lolote."

Fundi nilimrudishia tai yake. "Sasa hii ni kamba," alisema, akafungia nayo marobota.

Kihesa niliuliza njia mara kadhaa, na salamu ya Kihehe mara moja. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa anapepeta mahindi uani.

"Kamwene," nilisema.

"Kamwene." Akaendelea kupepeta. "Umekuja kwa mpiga gitaa?"

"Ndiyo, mama. Kulala tu."

"Wote husema kulala tu." Akanisukumia ndoo kwa mguu. "Pipa tupu, mwanangu."

Nikaichukua, nikamuuliza kisima kiko upande gani.