Ghorofa ya Nne

Clémence Mujinga alikuwa anageuza samaki aina ya mikebuka juu ya tanuri la moshi, mdogo wake alipoingia uani, siku ya Jumapili, moja kwa moja kutoka misa. Onésime alikuwa amevaa koti na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, mtaani Kataki, masika! Alisimama mbali, akafunika pua kwa leso, na hata kabla ya kumsalimia dada yake mkubwa akasema:

"Yaya, hii moshi itakuua."

"Haijaniua bado. Tena hii moshi njo ilikusomesha," Clémence alimjibu, akaendelea kugeuza samaki.

Na hakusema uongo. Baba yao, mvuvi aliyehama Mpala akaja kununua kiwanja hiki, alifariki Onésime akiwa na miaka kumi. Clémence alikuwa na kumi na tisa. Ni yeye aliyelipa minerval, karo ya shule, kwa samaki wa kukausha, mwaka baada ya mwaka, mpaka kijana akapata diploma na kazi katika biro moja ya usafirishaji karibu na bandari. Yeye mwenyewe aliolewa, akafiwa na mume, akarudi kwenye kiwanja cha baba. Sasa ana miaka hamsini na miwili, kiuno kinamsumbua, na samaki wake hupanda treni hadi Kabalo. Hajui kuringa. Muda wa kuringa angeutoa wapi?

Kuringa alimwachia Onésime, ambaye alizaliwa kwa kazi hiyo. Mtu anashinda akigonga mihuri kwenye karatasi za mizigo, halafu anajiita kada, yaani mkubwa wa ofisi. Hupanda pikipiki kwenda mahali ambapo ukipaza sauti utasikika. Kanisani hukaa benchi la mbele kabisa, na kama kuna kizee ameshakaa hapo, humkoholea mpaka asogee. Nyumbani kwake, nyumba ya kupanga, mkewe Christelle haruhusiwi kuandaa bukari, yaani ugali, mbele ya wageni. Ni wali, tena kwa uma, na wageni wakishaondoka ndipo bwana mwenyewe anajifungia jikoni na bukari lake, anamega kwa vidole kama binadamu wengine.

"Nimenunua apartema," alisema siku hiyo, akingoja dada yake aangushe koleo.

Clémence hakuangusha kitu. "Umenunua parsele?"

"Hapana, yaya. Apartema. Mu centre-ville. Ku etaji, juu ya nyumba za wengine."

"Na udongo?"

"Udongo ya nini?"

"Muntu ananunua parsele, anapata udongo, njo anajenga. Wewe unaniambia etaji. Sasa umenunua nini, hewa?"

Onésime alitabasamu lile tabasamu lake la kuwahurumia wasiosoma, akatoa mfukoni karatasi inayong'aa. Ilikuwa na picha ya kuchorwa: roshani, mwanamke wa kizungu mwenye miwani ya jua na kikombe mkononi, na nyuma yake ziwa lililopakwa rangi ya buluu ambayo Clémence, aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa lile, hakuwahi kuiona.

"Etaji ya ine," Onésime alisema, akigonga picha kwa ukucha mara nne. "Ya juu kabisa. Hakuna muntu atatembea juu ya kichwa yangu."

Basi, maneno yenyewe yakafuata. Alikuwa ametanguliza fedha, na ili amalizie, kiwanja cha Kataki lazima kiuzwe. Mnunuzi yupo, Papa Gérard, mfanyabiashara wa Manono anayetaka kujenga ghala. Hati ina majina mawili, la kaka na la dada, kwa hiyo ni sahihi ya Clémence tu inayokosekana. Na yaya asiwe na wasiwasi: atapewa chumba kizima katika apartema, chenye dirisha.

"Samaki nitakausha wapi?"

"Utapumzika, yaya. Umetumika sana."

"Nimekuuliza samaki."

"Moshi inakatazwa ndani ya jengo, ku immeuble."

"Na majani ya sombe tutatwangia wapi?"

"Kinu pia inakatazwa. Inasumbua wenye kuwa chini."

"Tukifiwa, watu wa kilio watakaa wapi? Ku ngazi? Mumoja mumoja, huyu na kinywa ku kisogo ya mwenzake?"

Onésime alivuta mkono wa koti lake. Akatazama saa. Clémence alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, kwa sababu alimwelewa vizuri sana: mdogo wake alikuwa ameshamtoa katika nyumba hii kichwani mwake, yeye na tanuri lake na kinu chake, na alikuja tu kuchukua sahihi. Lakini kumkatalia Onésime papo hapo ni kumpa nafasi ya kwenda kulia kwa padri na kwa ukoo mzima kwamba dada yake ana wivu.

"Sisinyi karatasi juu ya kitu sijaona," alisema. "Unipeleke nione."

Walikwenda Jumamosi iliyofuata, kila mmoja na pikipiki yake ya kukodi, kwani Onésime hakutaka koti lake linuke samaki. Jengo lilikuwa limesimama kweli, zege tupu bila rangi, na mbele yake ubao mkubwa wenye maandishi. Mlangoni aliwapokea Joël, muuzaji, kijana wa viatu vya ncha na simu mbili, mwenye kuita kila mtu bosi. Onésime alimnong'oneza dada yake afanye haraka kidogo: saa tano wenzake watatu wa biro watakuja kutembelea apartema. Amewaalika mwenyewe.

"Waione kabla sijasinya?" Clémence aliuliza.

"Utasinya, yaya. Usinipatishe haya," alisema, karatasi ya kuuza kiwanja ikiwa tayari mkononi.

Clémence alikuwa ameshageuka. Alikuwa anatazama ule ubao. Kifaransa chake ni cha darasa la sita, lakini namba ni namba, na mtu aliyehesabu samaki maisha yake yote hapiti mbele ya namba bila kuuliza habari zake.

"Hii R na tatu, njo nini?"

"R plus trois, mama," Joël alisema kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali rahisi. "R njo rez-de-chaussée, pale chini tumesimama. Halafu etaji tatu juu yake."

"Tatu."

"Tatu, mama."

"Yake iko ya ine," Clémence alisema, akimwonyesha Onésime kwa kidevu.

Joël akaona ni wakati mzuri wa kusoma simu yake. Onésime alicheka, akasema yaya hajui mambo ya etaji, wenye kujenga wana hesabu yao. Clémence alimwomba karatasi ya mkataba. Imeandikwa vizuri kabisa, kwa herufi na kwa tarakimu: ghorofa ya nne, mlango B. Akamrudishia, akashika kiuno chake kibovu, akaanza kupanda ngazi akihesabu ghorofa kwa sauti. Moja. Mbili. Kwenye ya tatu alipumzika kidogo, maana hapo ndipo milango ilipoishia. Mbele kulikuwa na ngazi nyembamba ya chuma. Akaipanda pia, akasukuma bati, akatokea nje, wanaume wawili nyuma yake.

Walikuwa juu ya paa. Kulikuwa na tangi la maji la plastiki, nondo zimesimama wima, dimbwi la mvua ya jana, na suruali mbili za sentineli, mlinzi wa jengo, zimeanikwa kwenye kamba.

"Karibu kwako," Clémence alisema. "Mulango B njo ipi?"

Onésime alimgeukia Joël, na Joël, tumpe haki yake, hakujificha.

"Bosi, ukumbuke. Nilikuambia ya tatu iko, ya mwisho. Ukakataa. Ukasema unataka yenye kupita wote, ata wale wa tatu wakae chini yako. Nikaandika vile uliomba." Alikuna shingo. "Siku moja wataongeza etaji. Nondo njo zile."

Kisha simu yake moja ikalia, au akajifanya imelia, akashuka. Mwizi huyu alikuwa na aibu zaidi ya mteja wake.

Onésime alibaki amempa dada yake mgongo, kidevu juu, kiatu kimoja cheupe kikiwa ndani ya dimbwi bila yeye kujua. Alisimama hivyo hivyo siku walipomzika baba, akiwa na miaka kumi, kidevu juu ili mtu asimwone analia. Clémence alimwonea huruma. Alitaka kumshika mkono, amwambie wateremke, wakale bukari, na Jumatatu wakatafute mwanasheria wa kurudisha zile fedha. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa Onésime alipoongea, bado amempa mgongo.

"Sinya tu, yaya. Wataijenga. Watu wote wa biro wanajua niko na apartema. Na Gérard nilishamuambia utatoka mwisho ya mwezi. Amekwisha kutafuta watu wa kubomoa ile tanuri."

Huruma ikamkauka pale pale. Siyo kwa sababu Onésime alidanganywa. Wajinga wanadanganywa kila siku na Mungu anawasamehe. Huyu alikuwa amesimama juu ya paa, anaona suruali za sentineli kwa macho yake mawili, na bado anataka kuuza nyumba ya dada yake ili asichekwe na wagonga mihuri watatu.

Alichukua kutoka mkononi mwake ile karatasi ya kuuza kiwanja, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Sisinyi, Onésime. Leo sisinyi, mwaka ujao sisinyi. Siku nitakufa, utawaomba wale watanizika ndani ya ile parsele wakusinyie."

"Yaya, basi usimuambie Christelle."

"Christelle simuambii."

Akateremka polepole, mkono ukutani. Chini aliwakuta wanaume watatu wenye mashati yaliyopigwa pasi, mmoja amebeba katoni ya vinywaji vya kupongeza. Walimwamkia kwa heshima.

"Mama, apartema ya Papa Onésime iko ku etaji gani?"

Angeweza kusema hayupo. Angeweza kusema ufunguo umekosekana, warudi siku nyingine. Aliwatazama, akatazama viatu vyao vilivyong'arishwa.

"Ya ine," alisema. "Mupande tu mupaka ngazi iishe. Yuko, anawangoja."

Walimshukuru sana, wakapanda.