Chungu cha Chini ya Tanuri

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipoyatupa maneno ya mtu mzima mbele ya macho yake mwenyewe, nikidhani namsitiri. Umeniambia umepata kazi ya kuzunguka vijijini kuandika habari za wazee. Nimefurahi sana. Ila kabla hujafunga begi, kaa kwanza nikusimulie, maana jambo hili sijawahi kulisema lote, hata kwa mama yako.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu mpya Geita, kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, vile vyenye soli nene, ambavyo kwenye mawe ya kwetu vilikuwa mateso matupu, lakini nilivivaa. Ukoo wetu ni wa wahunzi. Zamani, kabla ya majembe ya dukani, Wasukuma walitoka mbali na ng'ombe wao kuja kuchukua majembe yaliyofuliwa na babu zetu. Mimi nilikuwa naona aibu. Wenzangu chuoni walipouliza watu wa kwetu wanafanya kazi gani, nilijibu kwamba wanalima.

Basi akaja Bwana Hemedi, mtu wa Tanga, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka chuo kikuu. Alitaka kujua watu wa kale waliyeyushaje chuma katika vilima vyetu. Alikuwa na Landrova, kibali cha wilaya, na wiki mbili tu. Kizinza, lugha ya kwetu, hakukijua. Na baba yangu mkubwa, Mzee Bulugu, mtu wa mwisho katika ukoo aliyewahi kusimamia tanuri la chuma, alijua Kiswahili cha kuulizia bei ya chumvi tu, basi. Nikaombwa niwe mkalimani wao.

Kazi ya Hemedi na watu aliokuja nao ilinishangaza. Mimi nilidhani watachimba kama wachimba dhahabu, kwa pupa. Kumbe walifunga kamba, wakagawa ardhi vipande vya mraba, wakawa wanakwangua udongo kwa mwiko wa fundi na brashi, tabaka kwa tabaka. Kila kitu kilipimwa na kuchorwa mahali kilipolala kabla hakijaguswa. Yale mabonge meusi tuliyoyaita mavi ya chuma, ambayo tangu utotoni tulikuwa tukiyapiga mateke, Hemedi aliyafunga kwenye mifuko na kuyaandika namba. Aliniambia yakikatwa na kuangaliwa kwa hadubini yanaonyesha moto ulikuwa mkali kiasi gani. Makaa yalikwenda kupimwa umri. Hata vipande vya mirija ya udongo, iliyopitisha upepo wa mivukuto, alivishika kwa mikono miwili.

Siku ya tisa wakafika sakafu ya tanuri lenyewe. Katikati palikuwa na doa la mviringo la udongo mweusi zaidi, kama mdomo wa shimo lililofukiwa. Hemedi akasema, "Mwalimu, hebu muulize mzee, hili shimo lilikuwa la nini?"

Nikauliza. Baba mkubwa akashuka mle tulimokuwa tumesimama, akanishika kifundo cha mkono. Akaanza kusema kwa Kizinza, polepole. Alisema tanuri ni mwanamke, na hilo shimo ndilo tumbo lake. Ndani yake huzikwa chungu chenye magome ya miti mitatu, ili mimba isiharibike na chuma kizaliwe salama. Alisema siku za kuyeyusha chuma mhunzi halali na mkewe, kwa sababu tayari ana mke mwingine pale motoni. Akaihesabu ile miti kwenye vidole vyangu, kimoja baada ya kingine.

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Pale juu walikuwa wamesimama vibarua wawili wanaojua Kizinza, wanachekea pembeni. Nilimwona Hemedi na kalamu yake, mtu wa chuo kikuu, nikajisemea hawezi kusikia upuuzi huu kutoka kwa ukoo wangu. Nikageuka nikamwambia, "Anasema lilikuwa shimo la taka. La majivu."

Hemedi akaniangalia. "Mbona yeye kasema mengi, wewe machache?"

"Ah, wazee wetu hawa, wanapenda kuzungukazunguka." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka nikiwa bado nimeshikwa mkono na baba yangu mkubwa.

Hemedi akaandika. Kwa kuwa siku zilibaki chache, na shimo la taka halikuwa na mambo mengi ya kumweleza, akamwambia kibarua alimalize haraka kwa chepe. Pigo la kwanza, udongo. La pili, tukasikia kitu kikivunjika. Hemedi akapiga kelele asimame, lakini chepe lilikuwa limekwisha kuinuka, na nusu ya kile chungu ilikuwa kwenye toroli, imechanganyika na uchafu mwingine.

Baba mkubwa aliviangalia vile vigae kwa muda mrefu. Hakugomba. Akaniambia, na safari hii hakuniita kwa jina langu kama alivyozoea:

"Mwalimu. Mgeni nisingemwambia. Maneno yale nilikuwa nakuambia wewe. Wanangu wamekwenda mjini, nimebaki na wewe tu. Nikasema, maadamu ameletwa mpaka mdomoni mwa tanuri na watu hawa, basi leo nimkabidhi."

Akatoka shimoni, akachukua fimbo yake, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Nilimweleza Hemedi ukweli palepale, machozi yananitoka mbele ya wale vibarua. Nilitegemea matusi. Yeye alikaa chini kwenye udongo, akasema, "Chungu naweza kukiunga. Lakini kilikaaje, kiliegemea wapi, nini kilikuwa chini na nini juu, hilo sitalijua tena, na hakuna atakayelijua. Tukishafukua, ndugu yangu, tumefukua." Halafu akafungua daftari, akapiga mstari juu ya maneno "shimo la taka", akaandika yote niliyomweleza. Alipofika kwenye ile miti akauliza majina.

Nikasema mninga. Nikasema mkuyu.

Wa tatu sikuwa nao. Wakati baba mkubwa anashika kidole changu cha tatu, mimi nilikuwa nawatazama wale vibarua wanavyocheka. Hemedi alichekecha udongo wote wa toroli, akapata vipande vya magome yaliyoungua, lakini vilikuwa vimechanganyika na makaa ya tanuri, akashindwa kuvitenganisha.

Jioni nilikwenda kwa baba mkubwa, nikapiga magoti nikaomba radhi. Alinipokea, akanipa maziwa. Lakini mti wa tatu hakunitajia. Alisema, "Yale husemwa mdomoni mwa tanuri, na lile mmeshalibomoa. Mvua zikiisha tutajenga jingine, mimi na wewe. Uje bila hivyo viatu vyako." Akatabasamu kidogo. Nilirudi Geita nikihesabu miezi.

Alifariki mvua zikiwa katikati.

Basi sikiliza, mwanangu. Mtu akikupa maneno yake uyabebe, yabebe yote. Yale yanayokuaibisha yabebe kwa uangalifu zaidi, maana mara nyingi ndiyo aliyokukusudia wewe. Usimsafishe mzee ili apendeze kwa wageni. Usiseme kwa niaba yake jambo ambalo hakulisema, hata kama unampenda, hata kama unaona unamlinda. Kama hukuelewa, mwambie hukuelewa, arudie angali hai. Na anapokuhesabia kitu kwenye vidole, tazama vidole vyako, usitazame wanaocheka.

Mwenyezi Mungu akutangulie huko uendako. Akupe masikio yasiyochoka na ulimi usioona haya, na wazee wakufungulie vifua vyao. Na akuepushe na hili langu: nina miaka zaidi ya sabini, na nikipita porini bado nasimama kwenye kila mti nisioujua, naligusa gome lake, namuuliza baba mkubwa kama ndio huu.