Viazi vya Mama Mkwe

Jina la Bi Mizani hakupewa na mamake. Walimbandika wenzake wa maabara, maana mkono wake haukujua kukadiria. Kazi yake ilikuwa kupima nyuzinyuzi zilizomo katika viazi vitamu: anavikausha, anavisaga, anavitia dawa inayoyeyusha wanga kama tumbo linavyofanya, kisha kile kinachogoma kuyeyuka anakichuja, anakikausha na kukiweka kwenye mizani.

Mwaka ule zilishindanishwa mbegu tatu: nyekundu, ya manjano na nyeupe. Itakayoshinda kwa nyuzinyuzi ndiyo ingegawiwa wakulima. Nyeupe ilitoka shambani kwa mama mkwe wake, naye alishajitangazia ushindi sokoni kote.

Siku ya kuleta viazi, mama mkwe aliubwaga mfuko mezani. "Haya, mkwe wangu. Pima, uwanyamazishe wapinzani wangu."

Bi Mizani akakata cha kwanza. Kisu kikakwama. Alipokivuta, kikatoka na nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu. Akakata cha pili, mambo yale yale.

"Mama, hivi vimekaa ardhini tangu lini?"

"Kiazi ni kiazi. Kwani kinaulizwa umri?"

"Hapa kinaulizwa. Kikizeeka kinajaa nyuzi. Wenzako wameleta vya msimu huu, wewe umeleta babu zao!"

Mama mkwe akacheka, kisha akanuna. "Si ulisema nyuzi zinatakiwa? Nimekuletea nyuzi, leo unaniumbua."

"Nikivipima hivi, leo utashinda. Lakini wakulima wakivuna vyao wasizione nyuzi hizo, mlango watakaougonga ni wako. Twende shamba, mama."

Wakaenda. Bi Mizani akashika jembe mwenyewe, akachimba viazi vya umri mmoja na vile vya wapinzani wa mama mkwe, akarudi navyo maabarani. Akapima. Akarudia kupima.

Nyekundu ikaongoza. Nyeupe ikafuata, nyuma kidogo tu.

Habari hiyo hakumtuma mtu kuipeleka. Alimkuta mama mkwe akipalilia, naye hakuinua hata kichwa.

"Nimeshindwa na nani?"

"Na nyekundu, mama."

Jembe likashuka mara mbili tatu, magugu yakaruka.

"Basi niletee mbegu yake kabla mvua haijaanza. Na hao wenye nyekundu waambie mwakani wasijisumbue. Nyekundu ya kupimwa itatoka hapa."