Ukuta wa Mama Sakina

Kutoka Punia hadi Kindu nilitembea siku kumi na moja, wakati wa vita, nyuma ya watu waliosukuma baiskeli zenye madumu ya mawese. Shule ya sekondari nilikuwa nimeiacha karibu na mwisho. Asubuhi niliyofika, mzee mmoja wa mtaa wa Mikelenge alitazama miguu yangu iliyovimba, akaniuliza kama naogopa popo. Nikasema hapana. Nikaajiriwa.

Mzee yule alikuwa komisioneri, yaani mtu wa kati wa kuuza nyumba. Sote tulimwita Direkta, ingawa ofisi yake ilikuwa kiti kimoja cha plastiki. Siku hiyo hiyo alinipandisha darini mwa nyumba ya kuuzwa na sufuria ya makaa na pilipili kavu, nifukuze popo kwa moshi. Nilishuka macho yakinitiririka.

"Kijana, mununuzi anaingia na pua mbele," aliniambia. "Macho inakuja nyuma."

Basi kazi ilianza na harufu. Kisha majani ya uani. Kisha matundu ya risasi, tuliyoyaziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu, maana ukikauka haupasuki. Mwisho chokaa, mara mbili, ya kwanza nyepesi kama maziwa ili ishike. Vijana wa leo wanapiga picha kwa simu na kungoja. Sisi pia tulingoja, ila mikono yetu ilikuwa myeupe hadi viwikoni.

Vita vilipotulia, Mama Sakina, mjane wa mtaa wa Alunguli ng'ambo ya mto, alitaka kuuza nyumba yake. Macho yake yalikuwa yanafifia, naye alitaka kufika kwa binti yake Kisangani angali anaweza kuona nyuso za wajukuu. Shida ilikuwa ukuta wa mbele. Marehemu mumewe aliandika hapo kwa lami, herufi kubwa: HII NYUMBA HAIUZISHWE, yaani haiuzwi. Wengi mjini waliandika hivyo, kwa sababu matapeli walikuwa wakiuza nyumba za waliokimbia.

Nilipaka chokaa. Adhuhuri herufi zikarudi, za kahawia. Nikapaka tena, zikarudi. Lami hukwanguliwa kwanza, na mimi nilikuwa nimeona uvivu.

"Ingali inasomeka?" Mama aliuliza, akipapasa ukuta.

"Kidogo, Mama."

"Ule bwana! Hata amekufa hanyamaze."

Mnunuzi alikuwa tayari njiani, kwa hiyo Direkta akaamuru tutundike mkeka. Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, alinusa vyumba, akagonga kuta, akasifu uani. Kisha akainua mkeka.

"Direkta, ukuta inasema haiuzishwe, wewe unasema inauzishwa. Nisikilize nani?"

Direkta alikohoa kikohozi kirefu. Papa Kambale akashika njia ya kutoka, nami nikaona Kisangani ya Mama inaondoka naye.

"Papa, ngoja," Mama akasema. "Aliyeandika njo bwana yangu. Miye sikukimbia, nililala humu vita yote. Uliza majirani."

Akauliza. Walikuja wengi mno, kila mmoja na hadithi ya ndoa ile, hadi Papa Kambale akaomba maji na kuketi. Akainunua. Nilipoleta kisu nikwangue lami, akanizuia.

"Wacha. Sasa iko yangu, na haiuzishwe."

Tangu hapo nilianza kila nyumba kwa majirani, pua baadaye. Direkta alinuna wiki nzima, kisha akawa anawafundisha wengine hivyo hivyo, kama wazo lake.

Miezi miwili baadaye, boti ilipopatikana, Mama aliniomba nimsindikize Kisangani. Tulipanda boti asubuhi, na Direkta akasimama ukingoni akipiga kelele nisichelewe kurudi.

"Na nyumba yako, mutoto wangu," Mama akaniuliza katikati ya mto, "utauzishia nani?"

"Sina nyumba, Mama."

"Na ile miaka yote ya kupakaa za watu?"

Akacheka hadi akashika ubavu, nami nikacheka naye. Siku kadhaa baadaye, Kisangani, nilimkabidhi kwa binti yake, nikamwona akishika uso wa kila mjukuu, akiusogeza karibu na macho yake. Kesho yake, swali lake la nyumba likiwa bado masikioni mwangu, nikapanda lori la kwanza nililoliona. Sikuuliza linakwenda wapi, na Kindu sijarudi.